Majivu ya Mama kwa Uwanja wa Shule

Kitongoji cha Kamisawa,
Akita,
Japani.

2 Aprili 1986

Mpendwa mdogo wangu Morio,

Hujambo? Tereza hajambo? Kikohozi cha Paulo kimekwisha, au bado anakohoa na ninyi mnamwangalia tu? Na Harumi bado anakataa kula samaki? Mwambie shangazi yake amesema mtoto wa ukoo wetu asiyekula samaki ni aibu mpaka kaburini kwa babu. Natumaini kahawa yenu imestawi na joto la huko ng'ambo, Paraná, halijawakausha.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Kenkichi mgongo unamsumbua tangu baridi ianze, na kama umjuavyo shemeji yako, mgongo wake tunauugua nyumba nzima. Mimi sijambo. Meno yamepungua lakini mdomo uko pale pale, kwa hiyo usidhani umenusurika.

Barua yako ya mwanzo wa Machi ilifika salama, na picha pia. Umenenepa. Umelalamika kwamba Mama hajakujibu, ukauliza kama amekukasirikia. Hajakukasirikia, Morio. Mimi ndiye nimechelewa kukuandikia, maana kila nikishika kalamu nalia, halafu najionea aibu mwenyewe, naikunja karatasi naenda kuosha vyombo. Leo nimeamua kuandika hivyo hivyo. Mama yu hai, usishtuke. Lakini yamempata makubwa, na ni haki yako kuyajua.

Wewe kila barua, kabla hata hujaniuliza kama mimi ni mzima, unauliza timu ya besiboli ya shule ikoje na inajiandaaje na msimu mpya. Basi safari hii nitakujibu vizuri, maana habari ya timu na habari ya Mama zimekuwa habari moja.

Enzi zenu mlikuwa mnagombania jezi. Siku hizi watu wanahamia mjini na watoto wao, na shule imebaki na wanafunzi wa kuhesabika. Timu ilikuwa na wachezaji tisa kamili. Mmoja akishikwa na mafua, hakuna mechi. Kocha wao, mwalimu Hatakeyama, alikuwa anawabeba kama mayai. Wakipiga chafya tu, anawafunga skafu yeye mwenyewe.

Mazoezi ya majira ya baridi ni yale yale mliyofanya ninyi. Uwanja ukifukiwa na theluji, vijana wanashika makoleo, wanapita kwenye nyumba za wazee wanaoishi peke yao na kuwashushia theluji ya paani isije ikaziangusha nyumba. Mikono yao inapata nguvu, wazee wanapata nafuu. Kwa Mama walikuwa hawakosi. Si unajua mkono wake jikoni? Anachinja kuku, anapika supu, anachoma wali kwenye vijiti, na zile figili zake za kukaushwa kwa moshi. Vijana walikuwa wanaomba wapangiwe paa la Bibi, ingawa ndilo lenye mteremko mkali kuliko yote hapa kwetu.

Kati yao alikuwepo Kumagai Katsuya, mtoto wa Yoshizo wa kiwanda cha mbao. Yoshizo unamkumbuka, alikuwa nyuma yako darasa moja, yule mkimya. Mtoto hakumfuata baba yake hata kidogo. Mdomo huo! Alikuwa mdakaji wa timu, anachuchumaa nyuma ya mpigaji kama wewe zamani, na kelele zake ndizo zilizokuwa zinaiendesha timu nzima. Mama alimpenda kupita kiasi. Ile glavu yako ya kudakia uliyoiacha kabatini, ambayo mimi nilikatazwa hata kuifuta vumbi, alimpa yeye. Nilinuna kweli. Mama akaniambia, "Fusae, ngozi imeanza kupasuka kwa kukaa bure. Morio harudi leo wala kesho. Mwache mtoto adakie." Nikamwacha.

Sasa sikiliza.

Mwezi wa pili theluji ilianguka mpaka ikaziba madirisha ya chini, tukawa tunawasha taa mchana. Vijana wakaja kwa Mama siku ya Jumamosi. Asubuhi ilikuwa baridi kavu, halafu adhuhuri jua likatoka ghafla, jua kali, na ukingo wa paa ukaanza kudondosha maji. Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Mwalimu na baadhi ya vijana walikuwa upande wa barabarani wanasukuma theluji iliyokwisha kushushwa. Wengine walikuwa bado juu, na Katsuya akiwa mmoja wao.

Mama akatoka mlangoni, akazungushia mdomo viganja vyake, akaita kama anavyoita siku zote: "Haya, shukeni mle! Fanyeni haraka, supu inapoa!"

Wenzake wakaelekea kwenye ngazi. Katsuya akaona ngazi itamchelewesha. Akakaa ukingoni, akajirusha kwenye lundo la theluji chini ya paa. Morio, wewe umejirusha pale pale mara ngapi? Kila mtoto wa hapa amejirusha kutoka paa fulani, mama yake akamgombeza, yakaisha. Alizama mpaka kiunoni huku anacheka. "Bibi, mimi wa kwanza! Bakuli kubwa langu!"

"Wewe bakuli kubwa ulizaliwa nalo tumboni," Mama akamjibu. Ndiyo maneno yao ya mwisho.

Theluji yote iliyobaki upande ule wa paa iliteleza kwa mkupuo mmoja. Nilisikia mshindo nikadhani mtu amebamiza mlango wa ghala. Nilipotoka, kisu bado mkononi, pale aliposimama mtoto pamekuwa ukuta mweupe. Tulichimba wote, kwa makoleo, kwa sinia, kwa kucha. Mwalimu Hatakeyama alikuwa analiita jina lake ndani ya ile theluji mpaka sauti ikamkauka. Tulipomtoa, uso wake haukuwa na hata mkwaruzo, na kofia ya timu ilikuwa bado kichwani. Alikuwa ameshakufa.

Sijui niandike nini zaidi kuhusu siku hiyo, kwa hiyo naacha hapo.

Siku ya msiba Mama alivaa nguo zake nyeusi akaniambia twende mapema, kabla watu hawajajaa, ili Yoshizo na mkewe wapate nafasi ya kumtukana bila kuona haya. Alisema hivyo hivyo. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Tulipofika akaanguka pale mlangoni, paji la uso sakafuni, akawa anarudia, "Mimi ndiye niliyemwita. Mimi ndiye niliyemwambia afanye haraka."

Yoshizo alitoka ndani, akapiga magoti mbele yake, naye akainama mpaka chini. Haki ya nani, alichosema sitakisahau. "Mwanangu amewasumbua. Amewaletea balaa nyumbani kwenu. Tunaomba radhi."

Unaziona adabu zetu hizi, Morio? Mtu amefiwa na mtoto wake, bado anamwomba radhi mwenye paa. Ndivyo tulivyolelewa, na pengine hata mimi ningesema vivyo hivyo. Lakini Mama alikuwa amekwenda kupokea hasira ya watu, na hasira hakupewa. Angetukanwa angelia, angeomba msamaha, jambo lingepata mwisho. Sasa ukiombwa radhi na mtu uliyemuua mwanawe, utamjibu nini? Simaanishi kwamba amemuua, usinielewe vibaya. Lakini yeye ndivyo anavyojiona, na hakuna aliyempa nafasi ya kulisema likasikilizwa.

Tangu siku ile Mama hakumwita tena mtu kula.

Wewe unaijua sauti yake. Ilikuwa inasikika mpaka mtoni, tunaona aibu mbele ya wenzetu. Sasa akawa anapika, anapakua, anaweka mezani, halafu anakaa kuitazama mikono yake mpaka tutokee wenyewe. Nimehamia kwake tangu msiba, Kenkichi anajipikia, na ndiyo maana mgongo umezidi. Siku nyingine niko nyuma naanika nguo, sina habari kwamba chakula kiko tayari. Nikiingia nakuta supu imeganda mafuta juu, na yeye amekaa pale na njaa yake. Nikamfokea, "Mama jamani, si uniite!" Alinitazama kama mtu niliyemwambia aue tena. Sikurudia.

Akakonda. Akaacha kwenda kuoga kwenye bafu la kijiji pamoja na wazee wenzake. Mbele yetu watu hawakusema kitu, nyuma ndiko walikosema. Mke wa Abe wa dukani alikuwa anawauliza wateja, eti kwa nini bikizee wa umri ule aachwe peke yake chini ya paa la hatari vile. Nilimfuata huko huko dukani kwake, watu wamejaa, nikamwuliza paa lake mwaka jana lilishushwa theluji na nani, kama si vijana hao hao, na kama aliwapa hata kikombe cha chai. Akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Tofu yake ya soya siku hizi naila shingo upande, kwa kuwa hakuna mwingine anayeuza.

Halafu ikaja habari ya majivu.

Unaikumbuka kazi ile. Kila vuli Mama anachoma pumba za mpunga mpaka ziwe nyeusi tii, anazijaza kwenye magunia, anayapanga bandani. Mwezi wa tatu timu inakuja na sleji yake ya kuburuta, inayachukua, inayamwaga uwanjani juu ya theluji ili weusi uvute jua na theluji iyeyuke mapema. Bila hivyo uwanja wetu hauonekani mpaka msimu umeshapamba moto, na timu za huko chini pwani zimeshacheza kwenye udongo siku nyingi. Tangu enzi zenu majivu ya uwanja yanatoka nyumbani kwetu. Mama alikuwa akijitapa kwamba yeye ndiye mchezaji wa kumi.

Mwaka huu hawakuja. Mama aliyasogeza magunia mpaka mlangoni mwa banda, akayafuta vumbi, akakaa barazani kwenye baridi anaitazama barabara. Kesho yake vivyo hivyo. Kila sleji iliyopita alinyanyuka nusu, akakaa tena. Mimi nikashindwa kuvumilia, nikaenda shuleni.

Mwalimu Hatakeyama amezeeka ghafla, ndevu hanyoi, na wakubwa wake wamempiga marufuku kumpandisha mwanafunzi yeyote juu ya paa. "Dada Fusae," akaniambia, "nitawapelekaje watoto pale? Wapite chini ya paa lile? Na Kumagai, baba yake Katsuya, nitamtazama kwa macho gani?"

"Na Mama yangu mimi nimtazame kwa macho gani?" nikamwuliza.

Akainama. Nchi hii ya kuinama! Unamwuliza mtu swali, anakuonyesha kisogo. Namwelewa, yule mwalimu naye ameumia, lakini nilitoka pale nimekasirika nusura niangushe baiskeli za watoto. Baadaye nikasikia wametafuta majivu kitongoji cha pili, wakapewa machache, hayakutosha hata kona moja. Tena walikuwa wamebaki wanane, na wanane si timu. Watu wakaanza kusema kwamba mwaka huu hakuna besiboli, shule iuze magongo tu.

Asubuhi moja nilikwenda zahanati kuchukua dawa ya Kenkichi. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu. Bandani magunia yamepungua, na njia ya sleji imechorwa kwenye theluji kuelekea shuleni. Nilikimbia, Morio, kwa umri wangu huu, na viatu vya mpira.

Nilimkuta katikati ya uwanja, theluji imemfika magotini, kapu kiunoni, anamwaga majivu kwa mkono. Uso wote mweusi, yamebaki macho. Vijana walikuwa wamesimama kwenye uzio, wamejipanga mstari, mwalimu wao mwishoni. Hakuna aliyethubutu kumzuia wala aliyethubutu kumsaidia. Nikapiga kelele, "Mama! Unataka kufa?"

Hakugeuka. Akasema tu, "Mdakaji anahitaji pa kuchuchumaa."

Ndipo nikaona kwamba hakuwa anamwaga ovyo. Alikuwa pale pale anapokaa mdakaji, anazungusha majivu, na kutoka hapo njia nyembamba kuelekea anaposimama mrushaji. Uwanja mzima asingeuweza, hilo alilijua. Nilimvuta nikamrudisha nyumbani juu ya sleji, juu ya magunia matupu, na njia nzima tulipita watu wakitugeuzia mgongo ili wasituaibishe.

Jioni ile homa ikamshika. Kifua. Daktari alisema mapafu yote mawili yamevimba, akamdunga sindano, akaniita pembeni akaniambia nijiandae. Sikukupigia simu kwa sababu nilijua huwezi kufika, na sikutaka ukae huko unangoja. Kama nimekosea utanigombeza ukija.

Alipokuwa amelala hivyo, jua lilikuwa linafanya kazi. Pale alipomwaga ndipo theluji ilipoanza kuzama, na baada ya muda kikatokea kipande cha udongo mweusi, na ile njia nyembamba. Kwingine kote bado kweupe. Siku nilipopita na dawa za Mama nilisikia kelele za mazoezi, nikasogea kwenye uzio.

Walikuwa wamepata wa tisa. Sugawara, mpiga tarumbeta wa bendi ya shule, amenyoa kichwa kama wenzake, masikio yamemsimama. Wamemweka mbali kule anakofika mpira mara chache, amezama kwenye theluji mpaka magotini. Mpira mmoja ulipomfikia, akafunika uso na kuuacha upite. Oikawa, mrushaji, akapiga ukelele, "Wee Sugawara! Mpira hauli watu!"

"Mimi nimezoea tarumbeta!" akajibu. "Tarumbeta halinirukii usoni!"

"Basi pulizia huo mpira urudi!" mwingine akadakia, na wote wakaangua kicheko. Nakwambia ukweli, nilikuwa sijasikia kicheko tangu siku ile, na kilinichoma.

Halafu nikaangalia nani anadaka mipira ya Oikawa. Kwenye kile kipande cheusi alikuwa amechuchumaa mtu mzima, na nguo za kiwanda cha mbao, vumbi la mbao bado begani. Yoshizo. Mkononi ana glavu yako. Anadaka, anarudisha, anadaka, anarudisha. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake na kofia mkononi.

Sikumwambia Mama. Niliogopa.

Siku ya arobaini na tisa ya kumwombea Katsuya ikapita. Sisi hatukwenda, tulipeleka matunda na ubani kwa mkono wa mtu. Mama alikuwa ameanza kukaa, anakula uji, lakini anatembea kwa kunishikilia. Jumapili iliyopita asubuhi nikasikia sleji uani. Nikafungua mlango, nikamkuta Yoshizo, na nyuma yake vijana wote tisa na mwalimu wao, hakuna anayetazama juu.

Mama akataka kuinama. Yoshizo akamshika mabega, akamzuia. Sijawahi kuona mtu akimgusa mzee hivyo.

"Bibi, usiiname. Siku ile nilikuomba radhi, na haikuwa kweli. Nilisema kwa kuwa ndivyo inavyosemwa. Nilikuwa nakuchukia. Nililichukia paa hili, na supu yako, na sauti yako. Nikiwa kazini naisikia unamwita."

Mimi nilitaka kumfukuza. Mama akanibana mkono ninyamaze.

"Na sasa?" akamwuliza.

"Sasa kuna siku bado. Leo sijui." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Lakini pale ulipomwaga majivu, udongo umekauka vizuri, magoti hayaloani. Nimekuja kuchukua yaliyobaki."

Unajua Mama alisema nini? Alisema, "Ahsante." Akakaa chini barazani, akalia, kilio cha sauti, kile ambacho hakulia msibani. Watu kumi na kitu wamesimama uani wanamtazama bikizee analia, hakuna aliyemwambia anyamaze. Yoshizo alisimama mbele yake mpaka alipomaliza, ndipo akaenda bandani.

Wakapakia magunia. Mimi nikawasha moto, kuku alikuwepo, Mama akakaa kando ya jiko ananielekeza, chumvi hii, kitunguu kile, kama kwamba sijapika maisha yangu yote. Tukapakua mabakuli, tukayapanga. Vijana walikuwa wamemaliza, wamesimama karibu na sleji, na unajua mgeni haingii mpaka aitwe. Ningeweza kuita mimi. Nilifunga mdomo wangu, mimi huyu, nikajifanya nafuta meza. Mvuke ukawa unapungua.

Nje Yoshizo akasema, bila kupaza sauti, "Bibi, tunangoja kuitwa."

Mama alijishika kwenye nguzo mpaka akafika mlangoni, pale pale aliposimama siku ile. Akainua viganja mdomoni. Hakikutoka kitu. Akavishusha, akaviinua tena.

"Njooni mle," akasema, sauti ndogo, wala isingefika mtoni. Kisha akainua macho akatazama paa. Theluji ilikuwa imeisha, na hakukuwa na mtu juu. "Shukeni taratibu, wanangu. Msifanye haraka. Supu haijapoa."

Hakuna aliyecheka. Vijana wakavua kofia. Yoshizo naye alikuwa anatazama juu pale alipotazama Mama. Akajibu, "Ndiyo, Bibi. Katsuya anashuka taratibu."

Halafu wakaingia, wakala. Bakuli kubwa Mama aliliweka mbele ya Yoshizo, na Yoshizo akalimaliza.

Basi hiyo ndiyo habari ya timu, ndugu yangu. Mechi ya kwanza ni mwezi wa tano na timu ya pwani, na watapigwa vibaya, usijidanganye, Sugawara bado anaukimbia mpira. Uwanja lakini umeanza kuonekana. Glavu yako haitarudi, nimekwambia ili usiulize.

Mama kifua hakijapona. Daktari anasema akivuka kiangazi hajui kama atauvuka msimu mwingine wa theluji. Ananiambia nikuandikie kwamba yeye hajambo. Mimi nakuandikia kwamba njoo. Uza unachouza, azima unachoazima, njoo kabla theluji haijaanguka, akuite kula walau mara moja na wewe uisikie.

Msalimie sana Tereza, na umshukuru kwa kitambaa, Mama anajifunika nacho magotini. Msalimie Paulo na Harumi. Kenkichi anakusalimu, na mgongo wake. Mwalimu Hatakeyama alipojua nakuandikia aliomba nikufikishie heshima zake. Nimekuwashia ubani mbele ya picha ya Baba, nikamwomba akulinde safarini na asikuruhusu uahirishe. Uwe na afya, ulale salama, na njia yako ya kurudi iwe kavu.

Mimi dada yako akupendaye hata anapokugombeza,

Fusae